Kuteleza na Kuanguka: Jina, Dalili na Msikilizaji

Mkulima wa Mwandiga atazamaye mawingu juu ya vilima akasema kwamba mvua iko njiani haitwi mzushi. Huitwa mtu mwenye busara, na majirani huanza kuanua mazao yao. Mwanamke aliyeanika dagaa wake mchangani huko Kibirizi hangoji tone la kwanza limwangukie. Aonapo upepo umegeuka ziwani huwakusanya mapema, wala hapana mtu amwulizaye ushahidi. Dalili ya mvua ni mawingu, na methali hiyo ni kauli ya kila siku. Lakini binti akisema kwamba mtu fulani humvizia njiani atokapo sokoni, au kwamba amemshika mkono kwa nguvu kisha akacheka kana kwamba ni mchezo, mara nyingi huambiwa kwamba anajidai, au kwamba yeye ndiye aliyemchekea kwanza. Busara iliyosifiwa shambani huitwa umbea nyumbani.

Tofauti hiyo inastahili kuchunguzwa. Husemwa aghalabu kwamba uovu wa mwanamume awindaye wanawake huja ghafula, kama radi katika siku ya jua, na kwamba hapana aliyeweza kuujua kabla. Ukipimwa kwa mizani ya fasihi ya Kiswahili, usemi huo hausimami. Tangu taarab ya Unguja ya miaka ya 1920 hata riwaya za miaka ya 1970 na 1980, watunzi wameonyesha kwamba dalili hutangulia, na kwamba daima walikuwako watu waliozijua. Kilichokosekana si dalili, bali ni msikilizaji. Tena lugha yenyewe, kwa majina inayoyatoa, yaweza kumzibua msikilizaji masikio au kuyaziba.

Mwandiga ni mahali pa kupita. Hapo huanza barabara iendayo Manyovu, mpakani mwa Burundi, na hapo hupita watu na mizigo iingiayo na itokayo Kigoma mjini: mawese, dagaa, migebuka, ndizi na maharage. Pamoja na mizigo hupita habari. Katika mwaka 2019 habari moja ya mji wa Kigoma na Ujiji ilivuka mipaka ya mkoa, ikafika nchi nzima na nje ya nchi. Ilielezwa kwamba wanaume waliojipaka mafuta mwilini, ili mmoja wao akishikwa aponyoke, walikuwa wakiingia usiku katika nyumba za wanawake wanaoishi peke yao au pamoja na watoto wao, wakawabaka. Wanawake walieleza kwamba mambo hayo hayakuanza mwaka ule. Yalikuwa yameendelea kwa miaka kadhaa. Wengine walilalamika kwamba walipotoa habari zao hawakusikilizwa kwa uzito uliostahili. Na wanaume hao walikuwa wamekwisha kupewa jina. Waliitwa teleza.

Mhakiki wa lugha hawezi kulipita jina hilo bila ya kusimama, maana lina pande mbili. Upande wa kwanza, jina lenyewe ni ushahidi. Jambo likitokea mara moja husimuliwa. Likitokea mara nyingi hupewa jina. Kabla ya gazeti lolote kuandika, na kabla ya kiongozi yeyote kuulizwa, lugha ya mitaa ilikuwa imekwisha kufanya kazi ya karani: imehesabu matukio, imeona yanafanana, imeyaweka chini ya neno moja. Aliyelisikia neno teleza likitajwa kisimani au sokoni alikuwa amekwisha kupokea taarifa kamili kuliko alivyodhani. Jina jipya la hofu midomoni mwa wanawake ni wingu, tena ni wingu zito.

Upande wa pili, jina hilo linaficha. Kuteleza katika Kiswahili ni neno la udhuru. Husemwa kwamba kuteleza si kuanguka. Husemwa kwamba ulimi huteleza. Husemwa kwamba kijana wa watu ameteleza, basi asamehewe. Mwenye kuteleza hakukusudia. Lawama ni ya ardhi iliyokuwa na utelezi. Hivyo neno lile lile litumiwalo kumpunguzia mtu hatia ndilo lililotumiwa kumtaja mtu aliyejiandaa, akajipaka mafuta, akangoja usiku, akauchagua mlango wa mwanamke asiye na mlinzi. Tena jina hilo hueleza jinsi mwovu aponyokavyo, halielezi alitenda nini. Mwanamke hayumo ndani yake. Kosa ambalo Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imeliwekea adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30 limevishwa jina linalofaa mchezo wa watoto katika matope. Na jina lenye ucheshi huleta kicheko. Kicheko kikitangulia, huruma huchelewa njiani.

Walakini si haki kuwalaumu wanawake kwa neno hilo. Palipo na desturi ya kumwaibisha msemaji kuliko mtendaji, mtu hutafuta neno atakaloweza kulitamka mbele ya watoto na wazee wake. Teleza ilikuwa tafsida, na tafsida ni stara ya anayesema. Kosa ni la anayesikia, akaipokea stara hiyo kana kwamba ndiyo maana yenyewe. Kazi ya msikilizaji mwema ni kuirudisha tafsida katika maana yake, kama msomaji wa mashairi anavyofumbua fumbo. Mtu akiambiwa kwamba teleza wamepita mtaani, akacheka, amelisikia neno lakini hakuisikia habari.

Jambo hili si geni, wala si la Kigoma peke yake. Katika miaka ya 1920 Unguja ilikuwa na mkasa wake, nao ulibaki katika kumbukumbu ya watu kwa sababu uliimbwa. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyeutoa uimbaji wa taarab ya Kiswahili kutoka kwake Unguja hata Bombay alikorekodi sahani mwaka 1928, aliimba wimbo uitwao Kijiti. Wimbo huo unahusu mwanamke mgeni aliyetoka bara, akavutwa kwenda katika tafrija na mwanamume aliyeitwa jina hilo, akabakwa na kuuawa. Mtendaji alikimbilia bara. Walioadhibiwa na mahakama ni wanawake wawili waliokuja kutoa ushahidi, kwa kuwa walikuwamo katika safari ile na walihusishwa na ulevi uliokuwako.

Thamani ya wimbo huo kwa mhakiki haimo katika huzuni yake tu. Imo katika mahali ulipouweka mzigo. Mahakama iliutazama mwenendo wa wanawake: walikwenda wapi, walichukua nini, kwa nini walifuatana. Wimbo uliigeuza hukumu hiyo juu chini, ukamtaja mwanamume kwa jina na kuwaonya wengine. Aliyeponyoka serikalini hakuponyoka katika kumbukumbu. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliendelea kuuimba, na kwa njia hiyo watu waliozaliwa miaka mingi baada ya mkasa walimjua mtu ambaye hakimu wake hakumpata. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliotoka mwaka 1958, alimpa mwimbaji huyo heshima ya mtu aliyestahili kitabu kizima. Heshima hiyo ilimstahili pia kwa kazi hii: alikichukua kilichojulikana kwa minong'ono akakitia katika sauti ambayo hapana aliyeweza kudai kwamba hakuisikia.

Minong'ono hiyo ina mahali pake, nao ni uani. Nyumba ya Kiswahili ina baraza na ina ua. Barazani huzungumzwa mambo ya mji, na yazungumzwayo huko huitwa habari. Uani huzungumzwa mambo ya watu, na yazungumzwayo huko huitwa umbea. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hukaa uani. Riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, imejengwa juu ya mgawanyo huo. Maksuudi ni mwanasiasa mwenye heshima barazani. Amemfungia ndani mkewe Tamima na binti yake Maimuna kwa kisingizio cha kulinda heshima, na nje huko yeye mwenyewe huwaandama wanawake. Mji unamsifu. Lakini Bi Farashuu, mkunga mzee, anamjua; binti yake mwenyewe, Mwanasururu, alidhulumiwa na mtu huyo huyo. Hata Biti Kocho, mtumishi, anaijua hali ya nyumba ile kuliko wageni wote wanaopokewa kwa heshima na mwenye nyumba.

Basi dalili za Maksuudi hazikuwa siri. Zilijulikana kwa wanawake wawili wazee ambao hapana aliyewauliza. Mtunzi anaonyesha pia jambo la pili, lililo zito zaidi. Elimu ya uani isipopata njia ya kufika barazani haifi, hugeuka kisasi. Bi Farashuu hakwenda kwa mwamuzi kwa kuwa hakumwona mwamuzi wa kumwendea. Akatega mtego, na katika mtego huo waliumia hata wasio na hatia, Tamima akaachwa na Maimuna akaingia katika maisha ya upotevu. Msomaji anayemlaumu Bi Farashuu peke yake hajaisoma riwaya yote. Yafaa ajiulize ni mlango gani mwingine uliokuwa wazi mbele ya mwanamke yule, na ni nani aliyeufunga.

Ikiwa Utengano unaonyesha dalili zilizojulikana zisisikilizwe, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, inaonyesha dalili zilizotafutwa pasipo mahali pake. Zakaria, baba wa Rosa huko Ukerewe, ni mkali wa kulinda. Anapoona barua ya kijana Charles kwa binti yake humpiga Rosa. Jicho lake lote liko juu ya msichana: anaongea na nani, anacheka na nani, ameandikiwa nini. Juu ya wanaume hana jicho. Kijana mwandishi wa barua, ambaye kosa lake ni wino na karatasi, anageuzwa kuwa hatari. Na watu wazima wenye vyeo ambao baadaye wanamtumia Rosa, hata mkuu wa chuo aliyepewa dhamana ya kumlea, wanampata msichana ambaye hakufundishwa kumpima mwanamume kwa matendo yake. Alifundishwa kuwaogopa wote kwa kipimo kimoja, na mwenye kuwaogopa wote kwa kipimo kimoja hawezi kumtambua mbaya miongoni mwao.

Kitabu hicho kilikatazwa shuleni kwa muda, kisha baadaye kikaingia katika masomo. Historia yake inafanana na kisa chake. Kitabu kilichotaja ubaya kilionekana kuwa ndicho ubaya, kama msichana aliyetendewa anavyoonekana kuwa ndiye aliyetenda. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepata mimba Tanzania alitoka shule, na aliyempa mimba aghalabu hakuonekana. Ruhusa ya kurudi shule za serikali baada ya kujifungua ilitangazwa mwezi wa Novemba mwaka 2021, nusu karne kamili baada ya Rosa Mistika kuchapishwa. Mimba ni alama ionekanayo juu ya mwili wa mmoja. Kwa kuwa inaonekana juu yake, hudhaniwa kwamba hadithi nzima ni yake. Huo ndio ufinyu wa usomaji ambao Kezilahabi aliusuta.

Haikosi kuulizwa kama lugha ina mfano wa jina lililofanya kazi kinyume cha teleza. Mfano uko. Karibu na mwaka 2008 redio za Tanzania zilianza kutangaza michezo mifupi juu ya mtu aitwaye Fataki: mwanamume mtu mzima, mwenye fedha kidogo na maneno mengi, anayewaandama wasichana wa shule kwa lifti, zawadi na ahadi. Kwa haki ya uhakiki, michezo hiyo ilikuwa sahili, na mtu wake alikuwa wa kuchekesha. Lakini ilikuwa na mambo mawili ambayo tungo nyingi zenye sifa kubwa hazina. Kwanza, jina. Fataki ni kitu kilipukacho. Anayekiona mkononi mwa mtoto hangoji mlipuko ndipo aseme. Jina lenyewe linaamuru haraka. Pili, mchezo ulimtazama mtu wa tatu. Aliyekuwa karibu aliona, akatambua, akaingilia kati kabla ya neno kuwa tendo. Watu wakalichukua jina, likawa neno la kawaida, na msichana akapata silaha ya silabi tatu: kumwita mtu fataki mbele ya watu kulitosha kumfanya arudi nyuma.

Hapo kicheko kilifanya kazi nyingine. Katika teleza kicheko kilimwangukia aliyeumizwa. Katika Fataki kilimwangukia aliyenuia kuumiza. Methali inasema mzaha mzaha hutumbuka usaha, nayo huonya dhidi ya mizaha ya namna moja tu, ile inayomzoeza mtu kuvumilia ubaya kidogo kidogo. Leo ni neno mbele ya duka, kesho ni mkono begani, kesho kutwa ni kuufuata mlango usiku. Na kila hatua hupewa jina jepesi, utani, mazoea, ujana, mpaka hatua ya mwisho isiyo na jina jepesi tena. Sheria ya 1998 imelitambua jambo hilo, kwa maana haikuishia katika ubakaji. Imehesabu hata maneno na vitendo vya kumsumbua mtu kijinsia kuwa ni kosa. Sheria, basi, imelitangulia sikio. Mtu adhaniaye kwamba maneno ni maneno tu hajui kwamba nchi yake imekwisha kuamua vingine.

Yako mapingamizi, nayo yasipuuzwe. Mwenye kutetea ukimya atasema kwamba mdhaniwa siye, na kwamba mji ukiamini kila mnong'ono hapana mwanamume atakayesalimika. Ni hoja ya haki kwa nusu yake. Dhana si hukumu, na fasihi ya Kiswahili imejaa watu walioangamizwa kwa fitina. Lakini hoja hiyo inachanganya mambo mawili yaliyo mbali: kusikiliza na kuhukumu. Anayeanua dagaa hajalihukumu wingu. Amefanya jambo dogo kwa wakati wake, na mvua isiponyesha hakuna aliyedhurika. Kadhalika kumsikiliza binti, kuuliza nani mwingine aliyeona, kuandika siku na mahali, kumwonya mtu mapema, kumsindikiza anayeogopa kupita njia fulani, kutengeneza kitasa cha mlango wa mjane, hakumfungi mtu yeyote gerezani. Humnyima mwovu giza tu. Mtu mwema hapungukiwi na kitu giza likipungua. Na dhana ikachunguzwa mapema, hata asiye na hatia hufaidika, kwa maana husafishwa jina lake kabla ya fitina kuota mizizi.

Pingamizi jingine husema kwamba wanawake na wajilinde wenyewe. Hilo limesemwa tangu zamani, na wosia mwingi wa mama kwa binti, tangu utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, humfundisha binti mwenendo wake mwenyewe: asemeje, avaeje, afuatane na nani. Mafunzo hayo yana mahali pake. Lakini utenzi wa namna hiyo kwa mwana wa kiume, unaomfundisha kumzuia rafiki yake mkono usoni pa watu, ni adimu. Hiyo ni nafasi tupu katika fasihi, na wanafunzi wanaotafuta jambo la kuandika wasilalamike kwamba yote yamekwisha kuandikwa. Wanawake wa Kigoma walikuwa ndani ya nyumba zao, milango imefungwa, usiku. Hapana wosia wa kujilinda ambao hawakuutimiza.

Pwani ya Tanganyika si ngeni kwa sikio lililofunzwa. Ujiji ndiko alikozaliwa, mwaka 1924, Kaluta Amri Abedi, aliyetoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria wa Tanganyika. Katika maisha yake sheria ya ushairi na sheria ya nchi zilikutana, na mkutano huo una fundisho. Kitabu chake kilifundisha kwamba mizani moja ikipungua shairi limevunjika, hata kama maneno ni matamu. Na mshairi wa kweli huisikia mizani hiyo bila ya kuhesabu kwa vidole. Jamii inayoweza kusikia silabi moja iliyopotea katika mstari wa kumi na sita haiwezi kudai kwamba masikio yake ni mazito. Ina sikio. Haijalielekeza.

Sokoni Mwandiga, kama katika kila soko, majina mapya huzaliwa kila msimu, na mengi ni ya kuchekesha. Siku moja litazaliwa jingine, jepesi na lenye utelezi, likipita kutoka kwa mwuza mawese hadi kwa mwuza ndizi kwa sauti ya chini. Atakayelisikia atakuwa na hiari mbili. Aweza kucheka, akaenda zake, na baada ya miaka akasema kwamba hapana aliyejua. Au aweza kusimama akauliza: jina hilo limetoka wapi, na ni nani aliyelitamka kwanza, na alikuwa akiogopa nini? Kuteleza si kuanguka, husema methali. Lakini katika mkasa huu aliyeteleza na aliyeanguka si mtu mmoja, na methali haikumtaja wa pili.